Shangazi, Mtani Wako Alinyamaza

Shangazi Mwajuma,

Mwangaluka. Najua huko uliko huenda hakuna asubuhi wala jioni, lakini wewe ulikuwa humjibu mtu asiyeanza na salamu, kwa hiyo naanza hivyo nisije nikaandika kurasa zote hizi bure. Halafu shikamoo. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani.

Nimekaa kibarazani kwako. Si juu ya mkeka wako, usinune, nimekaa pembeni yake. Cherehani chako cha mkono nimekifunika kwa kanga ya rangi ya chungwa, na kuku wa jirani ametaga mayai mawili nyuma yake. Ungesema kuku ana adabu kuliko wateja, yeye haji mikono mitupu. Begi langu la shule bado zipu yake imeshonwa nusu, pale pale ulipoishia. Nalifunga kwa pini. Baba anasema nilipeleke kwa fundi mwingine, nami namwambia kesho.

Sasa kubwa nililokuja nalo. Babu Pazi alinyamaza. Mtani wako, muuza kahawa, yule ambaye hata akiwa na homa alikuwa anapita kukutukana, alinyamaza kabisa, na kosa lilikuwa langu. Imeshakaa sawa, usiinue mkasi. Lakini nataka uijue yote tangu mwanzo, hata sehemu ambazo ulikuwepo, kwa sababu kuna sehemu ulikuwepo na bado hukuambiwa ukweli.

Unakumbuka banda la video la Side? Jumamosi alasiri, joto la bati, watu arobaini kwenye mabenchi ya watu ishirini. Wewe ulikuwa hupandi benchi. Ulikuwa unaiingiza baiskeli yako ya miguu mitatu hadi mlangoni, unaizungusha kwa mikono mpaka ikaziba njia, halafu unasema, "Haya, sasa hatoki mtu kabla sijatoka mimi." Side anashika kipaza sauti anatafsiri sinema ya nje, anaongeza ya kwake, anampa jambazi jina la mtu wa hapa Mtendeni. Wote tunacheka. Kisha anatokea yule mtu. Kila sinema anaye. Amekaa kando ya barabara, miguu imekunjwa, mkono umenyooshwa. Mwenye sinema yake anapita na koti zuri, anamtupia sarafu, kinanda kinalia, basi. Hatumwoni tena.

Ulikuwa unapaza sauti, "Huyu naye kutwa nzima hana kazi? Mpeni basi hata sindano!" Halafu ukaniambia tukiwa njiani, mimi nakusukuma kwenye mchanga, "Bubu wangu, kwenye sinema kilema ana kazi mbili tu, kuhurumiwa au kuponywa. Hakuna anayemletea mtu kama mimi begi bovu." Nilikuambia shuleni wanatufundisha kusema mtu mwenye ulemavu. Ukasema, "Vizuri. Mimi niite fundi, ni fupi."

Ulinifundisha Tabora ambayo wanaotembea kwa miguu hawaijui. Kwamba kutoka hapa kwenda sokoni njia fupi si fupi, kwa sababu ina mchanga unaomeza gurudumu. Kwamba mtaro wa kona ya duka la vyuma unavukika upande wa kushoto tu. Kwamba ukienda stesheni kuna mteremko mtamu ambao mtu anaweza kuachia mikono na kuimba, na uliimba, na bodaboda walikupisha. Na kibaraza hiki ulikichagua kwa kupima. Ukingo wake uko sawasawa na kiti cha baiskeli yako, unajisogeza tu umefika, humwombi mtu akunyanyue. Wapita njia walidhani umekaa chini kwa unyonge. Kumbe ulikuwa umekagua vibaraza vyote vya Mtendeni ukachukua kilicho bora.

Ndiyo sasa akaja Klara.

Ametoka Ulaya na kamera yake na kofia yake pana, anatengeneza sinema ya watu walio kando ya miji kwenye njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji. Si mtu mbaya, Shangazi, hata wewe ulisema ana macho ya ng'ombe mzuri. Aliuliza dukani nani anajua Kiingereza, wakamwonyesha mimi na sare yangu ya shule. Ningekuwa mjanja ningekuwa nimeshabadilisha nguo.

Unanijua. Kwenye karatasi nina Kiswahili na Kiingereza chote. Mdomoni sina hata kimoja. Mwalimu akiniita jina tu, Kiingereza kinakimbilia tumboni. Na yule mama anaongea haraka, na mkono wake uko begani kwangu, na watu wamejaa wanatutazama.

Alianza kwa kuomba ushuke kibarazani ukae chini vumbini, kwa kuwa mwanga ni mzuri huko. Ukasema, "Mwambie mwanga uje huku, mimi ndiye mwenye kazi." Nilimwambia kwa Kiingereza: anasema amechoka.

Akasimama na kamera juu yako. Ukasema, "Mwambie ashuke. Mtu akinitazama utosini anaona kilemba tu, na leo nimekifunga vibaya." Nikamwambia: anasema ni sawa.

Unaona nilivyofanya? Niliogopa majibu yako yataonekana ya kikorofi, na mkorofi nitaonekana mimi, kwa sababu yanatoka mdomoni mwangu. Kwa hiyo nilikufanya mnyonge. Mimi, si kamera.

Kisha ikaja saa ya Babu Pazi. Birika mkononi, kashata kwenye sinia, sauti toka kona ya pili.

"We kilema! Bado upo tu? Ubao wa kaburi lako nimeshauchonga, unanichelewesha!"

Nawe bila kuinua macho kwenye zipu, "Nitakuzika mimi, mzee wa ngoma, tena kwa mkono mmoja, huku nakula michembe ya viazi."

"Mla michembe! Babu zako walibebeshwa pembe kama punda!"

"Na babu zako wakawauzia maji njiani, wakanywa wenyewe!"

Hayo, Shangazi, ndiyo pekee niliyotafsiri neno kwa neno. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yalikuwa marefu na sikupata nafasi ya kuyapunguza. Niliyasema yote, nikaacha neno moja, kwamba hawa ni watani. Klara akaweka mkono mdomoni. Nilianza kupanga kichwani namna ya kumweleza: kwamba tangu mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wanatembea na mizigo mpaka pwani, wakapita vijijini kwa Wazaramo, wakagombana wakapatana, basi sisi na wao tunatukanana mpaka leo, na Mzaramo asiyekutukana ndiye mwenye kinyongo na wewe. Nilipanga sentensi zangu vizuri, na vitenzi vyake. Nilipomaliza kuzipanga, yeye alikuwa ameshafunga kamera.

Jioni ukaniuliza, "Bubu wangu, ulimwambia kuwa yule ni mtani wangu?"

Nikasema ndiyo.

Huo ndio uongo wangu. Umekufa unauamini, na nimekuwa nao kama kokoto kiatuni.

Homa yako ilikuwa ya siku tatu tu, masika yakiwa yamekolea. Sitaandika hiyo sehemu. Nitaandika mazishi, kwa sababu ungeyapenda. Jeneza lilipotoka tu uani, Babu Pazi akawa amejifunga kilemba chako, amepanda baiskeli yako, ameiziba njia kama ulivyoziba mlango wa Side. "Hapiti mtu! Huyu ana begi langu, hajalimaliza! Mtu anakufaje na zipu ya mwenzake?" Ustadhi akajifanya anaangalia mawingu. Kaka zako wakamsihi, akakataa. Mtani lazima apewe kitu, wakampa konzi ya michembe. Akaila palepale, anatafuna, machozi yanaingia kinywani, anasema, "Mbaya kama kawaida," na watu wakacheka kwa kilio. Nilirekodi kwa simu ya baba, picha inatetemeka.

Baada ya arobaini, kila asubuhi aliendelea kupita. Anasimama hapa mbele ya mkeka mtupu, anakutukana, halafu anasubiri. Utani hauzikwi, ulishaniambia. Mtani akifa, jamaa yake ndiye anayejibu. Na jamaa aliyekaa hapa kibarazani anasubiri wenzake wa kwenda nao shule ni mimi. Babu Pazi ananitazama. Mimi natazama viatu. Anamimina kikombe kimoja, anakiweka juu ya ukingo, anakwenda zake. Miezi mitatu hivyo, Shangazi. Majibu ninayo. Nimeyaandika nyuma ya daftari la Historia, ukurasa mzima, mengine ni mazuri kweli.

Halafu Klara akarudi na sinema imekwisha. Alitaka muione kwanza ninyi, wenye sinema, kabla hajaipeleka kwao. Hakujua umekufa. Nilipomwambia alilia sana, na mimi nikambembeleza kwa Kiingereza sahihi kabisa, ndipo nikajua Kiingereza changu hakina ugonjwa wowote.

Side akatoa banda lake, Jumamosi, saa kumi. Watu wamejaa. Jina la sinema lilikuwa na maana ya Wasioonekana. Wewe! Ambaye mtu akipita bila kukusalimu ulikuwa unamtaja yeye na babu yake! Ukatokea. Kamera iko juu, wewe uko chini, mdogo kama kitambaa kilichodondoka. Chini ya picha maandishi ya Kiingereza: amechoka. Ni sawa. Kinanda kinalia, kile kile cha yule mwenye sarafu. Kisha Babu Pazi anakuja na sauti yake, na kinanda kinashuka, na unaona tu mzee mwenye birika anamtukana mwanamke asiyeweza kusimama. Zipu hawakuionyesha. Jibu lako la kumzika kwa mkono mmoja wamelikata. Wewe unainamisha kichwa, picha inakuwa nyeusi.

Hata Side hakuongeza la kwake. Babu Pazi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Akanigeukia. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hivi ndivyo nilivyokuwa?"

Hajawahi kuniuliza kitu bila tusi mbele yake. Na mimi, Shangazi, nikainamisha kichwa tu, akadhani nimekubali.

Jumapili asubuhi alipita na birika. "Asalaam aleykum. Hamjambo hapo?" Kama karani wa serikali. Hakusimama. Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile, na sasa hakumimina hata kikombe chako. Nilikaa pale kwenye ukingo, naona adabu yake inakuzika mara ya pili.

Klara alikuwa anaondoka Alhamisi kwa treni. Jumatano alikuwa aonyeshe mara ya mwisho, kwa wale walioikosa. Nikawaza, nikinyamaza mpaka Alhamisi, basi ndivyo mtakavyokuwa wewe na Babu Pazi, milele, na mwenye makosa atakuwa amekaa Tabora na pini kwenye begi.

Jumatano nikaenda bandani.

Picha ya kwanza ilipotokea tu nilikuwa nimesimama karibu na Side. "Nipe hicho kipaza sauti."

"We Zena? Kuna moto?"

"Nipe tu."

Nilipokishika kikalia mluzi mkali, watoto wakaziba masikio. Neno la kwanza halikutoka. La pili halikutoka. Nyuma mtu akasema, "Jamani, bubu kasema!" Wakacheka wote, na cheko lile, sijui, lilinifungua kooni. Lilikuwa cheko la kwenu, la humu bandani.

Nikaanza kutafsiri kama Side anavyofanya. Ulipofungua mdomo kwenye picha, mimi nikasema: "Mwambie mwanga uje huku, mimi ndiye mwenye kazi." Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Banda likalipuka. "Mwambie ashuke, akinitazama utosini anaona kilemba tu, na leo nimekifunga vibaya." Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akasema kweli siku ile kilikaa upande. Nikaeleza ukingo wa kibaraza na kiti cha baiskeli. Nikafika kwa Babu Pazi, nikamwambia Side asimamishe picha. Nikaeleza utani wote, na ile misafara, na neno nililoliacha. Nikarudisha majibu yako moja baada ya jingine, mpaka la michembe.

Klara akasimama. Akaniuliza mbona niliyomwambia siku ile hayakuwa hayo. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwenye kipaza sauti, mbele ya Mtendeni nzima: "Nilikudanganya. Mnyonge hakuwa yeye. Nilikuwa mimi." Kisha nikampa simu ya baba, aangalie mazishi. Alilia tena, halafu akacheka pasipochekwa, halafu akacheka panapochekwa.

Babu Pazi alikuwa mlangoni, pale pa baiskeli yako. Alivaa kofia yake akaondoka. Sikuona uso wake.

Klara hakupanda treni Alhamisi. Alisema anataka aombe radhi kwa kamera, si kwa mdomo. Nikampa baiskeli yako. Usinune! Nilijaza upepo mwenyewe. Akaifunga kamera kwenye usukani, akazunguka mji kutwa nzima kwa mikono, mimi nyuma yake. Njia fupi ya sokoni ikammeza. Kwenye mtaro wa duka la vyuma nilimwambia pita kushoto, akapita kulia, akanasa, vijana wa bajaji wakamnyanyua na gurudumu lake. Babu Pazi alikuwa ng'ambo anauza kahawa, na Klara alikuwa amesimuliwa kwamba hata wasio Wanyamwezi wanaweza kuwa watani wake, basi akamuuliza kupitia mimi, je, na yeye anaweza? Babu Pazi akamtazama mle mtaroni. "Mwambie Wazungu nao walipita njia hii, lakini walikuwa na machela, Wanyamwezi ndio waliowabeba. Mzigo hauwi mtani." Hilo nililitafsiri lote. Klara alicheka mpaka akasahau mkono wake umechubuka.

Lakini kwangu mimi, pale pale, Babu Pazi akasema tu, "Ahsante, mwanangu," kwa adabu. Nikajua mambo hayajakaa sawa bado.

Sinema mpya tumeiona jana. Inaanza na gurudumu. Mji mzima uko juu, kama ulivyokuwa unauona, magoti na mabeseni na pua za ng'ombe. Halafu mikono yako na zipu. Majibu yako yote yapo, na nyuma inasikika sauti ya msichana inaeleza, na hiyo sauti haitetemeki sana. Kinanda amebakiza kidogo mwishoni, hao watu na kinanda hawaachani. Lakini chini ya picha yako ameandika: Mwajuma, fundi. Side alisimama akapiga makofi kwa mikono na kwa benchi.

Leo asubuhi nikaja hapa mapema. Jumapili, hakuna shule, sikuwa na kisingizio. Daftari la Historia mapajani. Akatokea kona ya pili, birika linafuka. "Asalaam aleykum. Hamjambo hapo?"

Nikasimama. Sikufungua daftari.

"We mzee wa Kizaramo! Umeuza shamba la minazi ukaenda kucheza ngoma, leo unakuja kutusalimia kama afisa kilimo?"

Alisimama kama aliyepigwa jiwe. Akaweka birika chini polepole.

"Ee! Kumbe bubu ana meno! Shangazi yako si kafa kwa kunikwepa?"

"Hajakukwepa. Ametangulia kukupimia kaburi, akaona domo lako halienei, wanachimba upya!"

Shangazi, alicheka mpaka sinia likainama na kashata zikaviringika mtaroni. Akaketi hapo hapo ukingoni, anajifuta macho kwa kofia, anasema, "Mbaya. Mbaya kama kawaida." Akamimina vikombe viwili. Kimoja akakiweka penye mkeka wako. Cha pili akanipa mimi. Ni chungu mno hiyo kahawa, ulikuwa unanywaje?

Basi nakuaga, fundi wangu, Babu Pazi anarudi njia hii hii saa ya adhuhuri na nina jibu jingine limeniwasha ulimi. Nakuahidi mawili. Kila asubuhi, kabla ya shule, na hata nikishahitimu, huyu mzee hatapita hapa bila kujibiwa. Na maneno ya mtu mwingine yakipitia mdomoni mwangu, yatatoka na ukali wake wote. Zipu nitaimalizia mwenyewe, kwa cherehani chako. Itakwenda upande. Nicheke tu.

Kikombe chako kimepoa. Nimekimwaga mtaroni, upande wa kushoto.

Zena, aliyekuwa bubu wako